Hoja Isiyo na Mwenyewe: Tahadhari na Dhima katika Kauli Tangulizi za Kiingereza

Katika insha za Kiingereza zinazoandikwa vyuoni, ni nadra kupita kurasa chache bila ya kukutana na kauli kama "it may be argued that", "it could be said that", "it would seem that" au "it has been suggested that". Mwanafunzi huzipokea kutoka kwa mwalimu wake, mwalimu naye alizipokea vitabuni, na wote wawili huziamini kuwa ndizo adabu ya uandishi wa kitaaluma. Wapo wanaozisifu kuwa ni alama ya unyenyekevu mbele ya ukweli. Wapo pia wanaozilaani kuwa ni woga uliovishwa joho. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinahukumu umbo na kusahau kazi. Swali linalopasa kuulizwa ni jingine: hoja iliyotangulizwa kwa kauli hiyo ina mwenyewe, au haina?

Kwanza umbo. Neno "it" katika kauli hizi halirejelei kitu chochote. Ni kiima kitupu kilichowekwa mbele ili sentensi ipate pa kukaa, na kiini cha maneno husukumwa nyuma, baada ya "that". Kisha huja kitenzi kisaidizi kama "may", "might" au "could". Viwili vya mwisho, ijapokuwa umbo lao ni la wakati uliopita, hapa havitaji wakati bali umbali kati ya msemaji na maneno yake. Mwisho huja kitenzi kama "argued" au "said" katika kauli ya kutendwa, na mtenda hatajwi. Hivyo msemaji hupunguzwa mara mbili: uhakika wake hupunguzwa na kitenzi kisaidizi, na nafsi yake huondolewa na kauli ya kutendwa. Tahadhari na ufichaji wa nafsi hukutana katika kauli moja, lakini si jambo moja. Kuyachanganya haya mawili ndiko kulikozaa mabishano mengi yasiyo na tija.

Historia yathibitisha tofauti hiyo. Robert Boyle, mmoja wa waasisi wa Royal Society iliyoanzishwa London mwaka 1660, alieleza katika kitabu chake Certain Physiological Essays cha mwaka 1661 sababu ya kutumia mara kwa mara maneno kama "perhaps" na "it seems". Aliona kuwa mambo yaliyoshuhudiwa katika majaribio yaweza kusemwa kwa uthabiti, ama rai kuhusu visababishi vyake hazina budi kusemwa kwa kusita. Lakini Boyle alisita kwa nafsi yake mwenyewe. Msomaji alijua ni nani aliyekuwa na shaka, na shaka hiyo ilihusu nini. Kufifia kwa nafsi ya mwandishi kulikuja baadaye. Dwight Atkinson, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 1999 juu ya jarida la jumuiya hiyo hiyo kati ya mwaka 1675 na 1975, ameonyesha jinsi maandishi yake yalivyohama polepole kutoka kwa mwandishi na kumwelekea mlengwa wa uchunguzi. Kwa hiyo tahadhari ni mkubwa, na ufichaji wa nafsi ni mdogo aliyezaliwa baada yake. Mmoja aweza kuishi bila ya mwingine.

Mifano miwili iliyoachana kwa miezi michache tu yatosha kupambanua matumizi mema na mabaya. Tarehe 25 Aprili 1953, Watson na Crick walichapisha katika jarida la Nature ukurasa mmoja na kitu juu ya umbo la DNA. Karibu na mwisho wa makala yao walidokeza kwamba mpangilio wa jozi walioufafanua unaashiria njia ambayo kwayo chembe hizo za urithi huweza kunakiliwa. Sentensi yenyewe huanza kwa "it" ile ile tupu, na haitamki zaidi ya kudokeza. Hata hivyo ndani yake mna kimilikishi cha nafsi ya kwanza wingi: waliogundua jambo hilo wametajwa. Tarehe 30 Mei ya mwaka ule ule wakachapisha makala ya pili katika jarida hilo hilo, wakaifafanua njia yenyewe. Dokezo lile lilikuwa ahadi, na ahadi ililipwa.

Tarehe 4 Januari 1954, makampuni ya sigara ya Marekani yalitangaza taarifa yao kwa wavutaji katika magazeti zaidi ya 400. Makampuni hayo yalisema kwa nafsi yao kuwa yanaamini bidhaa zao hazidhuru afya. Lakini hoja zilizohitaji ushahidi, kama vile kwamba saratani ya mapafu yaweza kuwa na visababishi vingi na kwamba wataalamu hawajaafikiana, ziliwekwa vinywani mwa mabingwa wasiotajwa majina. Msomaji aliyetaka kuwauliza mabingwa hao hakuwa na mlango wa kubisha. Miaka kumi baadaye, Januari 1964, ripoti ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ilikata shauri kwamba uvutaji wa sigara husababisha saratani ya mapafu kwa wanaume. Maandishi ya 1953 na yale ya 1954 yote yalitumia lugha ya kusita. Tofauti ni kwamba kusita kwa kwanza kulipima ushahidi, na kwa pili kuliukwepa.

Kutokana na hayo, kauli tangulizi za Kiingereza zapaswa kugawanywa kwa kazi zake. Kundi la kwanza, kama "it seems" na "it is likely", hupima uzito wa ushahidi, na sharti lake ni kwamba ushahidi huo uwekwe mezani. Kundi la pili, kama "it has been suggested", huripoti rai ya wengine, na sharti lake ni kuwataja hao wengine. Kundi la tatu, ambalo mfano wake ni "it may be argued", hutangaza hoja inayoweza kutolewa na mtu fulani, aghalabu ili ipingwe katika sentensi ifuatayo. Sharti la kundi hili ni kwamba mwandishi aseme mwishowe kama anaikubali hoja hiyo au anaikataa. Mwanafunzi akiandika kuwa yaweza kutolewa hoja kwamba shairi lisilo na vina si shairi, kisha akaendelea na jambo jingine, hana alilolisema. Na mtahini hana anachoweza kukisahihisha.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoguswa, kwa kuwa kauli hizi zinatafsiriwa kila siku katika insha na tasnifu. Kiswahili kina njia zake za kusita. "Inasemekana" ni habari ya kusikia; "yaelekea" hutegemea dalili; "huenda" na "yamkini" hutaja uwezekano. Hakuna hata mojawapo iliyo sawa na "it may be argued". Anayetafsiri kauli hiyo kwa "inasemekana" amegeuza pingamizi kuwa uvumi. Anayeandika "inaweza kujadiliwa kwamba" hakutafsiri kitu, maana kinachojadiliwa ni suala, wala si kauli iliyokwisha kukamilika. Kilicho karibu zaidi ni "huenda mtu akasema" au "atakayepinga atasema". Katika njia hizi, mpinzani, hata kama hana jina, ana nafsi. Yuko mbele ya msemaji, na anastahili jibu.

Jambo hili si geni katika fasihi ya Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alishiriki malumbano ya tungo ambamo kila shairi lilikuwa na mwenyewe na lilingoja jibu. Amri Abedi alipotoa sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alizitoa kwa jina lake. Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, kikiwa na tungo zisizofuata vina na mizani, waliotaka kubishana walijua nani yu upande gani. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Kiswahili hakina maficho. "Watu wanasema" imewaharibia wengi sifa zao bila ya watu hao kuonekana.

Basi si haki kumkataza mwanafunzi kauli za kusita, wala si busara kumfundisha kuzinyunyiza kama chumvi. Afundishwe kuuliza, kila anapoandika "it may be argued": nani asemaye hivyo, kwa ushahidi gani, na jibu langu ni lipi? Kauli itakayostahimili maswali hayo matatu ibaki. Isiyostahimili ifutwe, na mwenye hoja ajitokeze.