Vitabu vya Wanawake katika Chama cha Kusoma

Kitabu kibaya humwibia msomaji mmoja saa zake. Kitabu kilichochaguliwa vibaya na chama huwaibia watu ishirini kwa mara moja. Kwa hiyo kazi ya kuchagua vitabu vya chama cha kusoma si ndogo, wala haifai kuachiwa yule mwenye sauti kubwa kuliko wenzake. Katika Kitui na Makueni kazi hiyo yazidi kuwa nzito, maana fedha ni chache na njia ya kufika kwenye duka la vitabu ni ndefu. Mwanachama aliye Mwingi ana maktaba ya umma mjini mwake. Mwenzake aliye upande wa Mutomo aghalabu hutegemea kabati la shule, na kabati lenyewe limejaa vitabu vya mtihani. Chama chenye uwezo wa kupata vitabu vinne kwa mwaka lazima kijue kwa nini kimechagua hivyo vinne na kuacha vingine.

Labda chama chako kimeazimia kwamba mwaka huu kitasoma vitabu vilivyoandikwa na wanawake. Azimio hilo ni jema. Lakini jambo jema huweza kufanywa kwa sababu mbaya, na sababu mbaya huharibu hata usomaji wenyewe. Ziko sababu tatu za namna hiyo, nami nataka uzijue mapema.

Ya kwanza ni huruma. Mtu husema, "Wanawake wameachwa nyuma, basi tuwasome ili tuwainue." Maneno hayo yana sura ya wema, lakini ndani yake mna dharau. Kitabu si mgonjwa, wala msomaji si mwuguzi. Nyiva Mwendwa wa Kitui alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika baraza la mawaziri la Kenya, mwaka 1995. Na mwaka 1997 Charity Ngilu, aliyekuwa mbunge wa Kitui ya Kati, aligombea urais wa nchi nzima. Watu waliokwisha kuwapigia kura wanawake wa namna hiyo hawana haja ya kumsoma mwandishi mwanamke kwa kumsikitikia. Mwandishi na apimwe kwa kazi yake: asifiwe panapostahili sifa, alaumiwe panapostahili lawama. Kumsifu mtu kwa kuwa ni mwanamke tu ni kumwambia kwamba hukumsoma.

Sababu ya pili ni kudhani kwamba kitabu cha mwanamke ni kitabu cha wasichana. Wavulana huketi nyuma, hukunja mikono, na kungoja zamu yao ipite. Hilo ni kosa kubwa. Wasichana wamesoma vitabu vya wanaume miaka yote, nao hawakuambiwa kwamba vitabu hivyo haviwahusu.

Sababu ya tatu ndiyo yenye hila kuliko zote. Ni kutaka kitabu kimoja kiwe msemaji wa wanawake wote. Chama husoma riwaya moja, kisha hufunga shauri: "Sasa twajua wanawake wanataka nini." Hakuna anayesoma riwaya moja ya mwanamume akasema amewajua wanaume. Basi kanuni ninayokupa ni hii: chagua wanawake wasiokubaliana. Waweke katika rafu moja waandishi ambao, kama wangekutana chumbani, wangebishana hata usiku wa manane. Hapo chama chako hakitaweza kumwitikia mwandishi kama watoto wanavyoitikia salamu. Kitalazimika kufikiri na kuamua. Nitakuonyesha namna ya kufanya hivyo kwa kazi nne.

Anza na Utendi wa Mwana Kupona. Ulitungwa mwaka 1858, na mtungaji wake, Mwana Kupona binti Mshamu, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Alikuwa mgonjwa, naye alimtungia binti yake wasia. Wasomaji wengi wa leo huusikia utendi huu kwa sifa moja tu, yaani kwamba unamfundisha mke kumtii mume. Mafundisho hayo yamo, tena yametiliwa mkazo. Msichana wa leo ana haki ya kuyapinga. Walakini tazama mambo mengine. Mwaka 1934 Werner na Hichens waliuchapisha utendi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa jina lenye maana ya mawaidha juu ya wajibu wa mke. Jina la namna hiyo humshika msomaji mkono na kumwongoza kabla hajafungua ukurasa. Ndani ya utendi mna dini, adabu mbele za watu, usimamizi wa nyumba, hisani kwa wanyonge, na mwishoni dua ndefu ya mama kwa ajili ya watoto wake. Tena jiulize: ni nani anayefundisha hapa? Ni mwanamke mwenye elimu, anayetawala mizani na vina, anayetoa amri wala haombi ruhusa. Anafundisha utii kwa sauti isiyokuwa ya mtiifu. Chama kikilijadili jambo hilo moja tu kwa saa nzima, hakitakuwa kimepoteza saa.

Maneno ya Kiamu yatawapa tabu wale waliozaliwa bara. Kwa hiyo tafuteni chapa yenye sherehe. Lakini tabu hiyo hupungua utendi ukisomwa kwa sauti, kwani ulitungwa uimbwe na kusikilizwa. Hapa pana faida ya pili: nakala moja ya utendi yatosha masikio ishirini, na kwa chama chenye mfuko mwepesi hilo si jambo dogo.

Baada ya mama wa Pate, mchukueni Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015. Alikuwa mwuguzi na mkunga kabla ya kujulikana kwa vitabu. Katika mkusanyo wake uitwao Land Without Thunder, uliotoka mwaka 1968, imo hadithi fupi ya The Rain Came. Ni ya Kiingereza, na chama cha Kiswahili hakikosi heshima kwa kusoma Kiingereza na kukijadili kwa Kiswahili. Hadithi yasimulia nchi iliyokaushwa na jua. Mganga wa mvua anamwambia chifu kwamba binti yake wa pekee, Oganda, lazima atolewe kwa jitu la ziwani ili mvua inyeshe. Watu wanashangilia kwa ngoma, na Oganda anatembea peke yake kwenda kufa. Kijana ampendaye anamfuata, anamwokoa, nao wanakimbia. Kisha mvua inanyesha.

Msomaji wa Kitui ana haki katika hadithi hii ambayo msomaji wa nchi ya mito hana. Anajua maana ya kutazama mawingu ya Novemba, maana katika Ukambani mvua za vuli ndizo tegemeo la mkulima, na zikikosa, mwaka umekwisha. Amesikia habari za mathembo, vile vichaka vitakatifu ambamo wazee walitoa sadaka na kuomba mvua. Kwa hiyo hawezi kuwacheka watu wa hadithi kama wajinga. Anaijua hofu yao. Na kwa sababu anaijua, swali linamchoma zaidi: mvua imenyesha ingawa sadaka haikutolewa. Je, mwandishi anasema kwamba sadaka ilikuwa bure tangu mwanzo? Au anasema kwamba utayari wa binti ulitosha? Au mvua haikujali watu, wala ngoma zao, wala machozi yao? Mwandishi hakujibu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye ubora wa hadithi. Udhaifu wake upo pia: Oganda haamui lolote mpaka mvulana afike. Mwanachama mmoja na amtetee mwandishi, na mwingine amshitaki.

Sasa wekeni mezani tamthilia ya Nguzo Mama, aliyoiandika Penina Muhando wa Tanzania, ikatoka mwaka 1982. Tamthilia ni chaguo jema kwa chama, kwa kuwa kila mtu hupewa sehemu ya kusema, hata yule ambaye hajapata kufungua mdomo mkutanoni. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo kubwa. Kila wakikusanyika, huyu huvutwa na shida za nyumbani, yule huingiwa na kijicho, mwingine huzuiwa na mume; na nguzo haisimami. Mwandishi hakuwabembeleza wanawake wenzake. Alionyesha mizigo wanayotwikwa na wanaume, akaonyesha pia jinsi wanavyoangushana wao kwa wao.

Jambo hili ni zito, na wasomaji wa Makueni wana ushahidi wa kulipima. Wameona vikundi vya mwethya. Wameona mama zao wakichimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, na wakipanga mawe ya kuta za mabwawa ya mchanga katika mito mikavu. Kuta hizo zimesimama. Basi mwanafunzi aweza kumwuliza mwandishi kwa heshima: "Kwa nini nguzo ya Patata haikusimama, hali ukuta wa kijiji chetu umesimama?" Pengine atajibiwa kwamba ukuta wa bwawa ni kazi iliyokubaliwa na wanaume, na Nguzo Mama ni jambo jingine kabisa, ambalo halikubaliwi upesi namna hiyo. Pengine ataona kwamba mwandishi alizidisha chumvi ili watazamaji wakasirike, wainuke na kutenda. Lolote atakaloamua, atakuwa amejifunza kwamba msomaji naye ana ujuzi, na kwamba ujuzi wa nyumbani kwao ni mizani halali ya kupimia kitabu kilichotoka mbali.

Kitabu cha nne ni Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei. Watu wengi wanakijua kwa sababu kwa miaka kadhaa kilitahiniwa katika kidato cha nne. Mtihani ulikipatia wasomaji wengi, lakini uliwafundisha wengi wao kukisoma kama mtu anayehesabu magunia: maudhui sita, tamathali kumi, sifa tano za mhusika. Chama na kikisome upya bila kalamu mkononi. Riwaya hii yasimulia ghasia zilizofuata uchaguzi, moto, ukimbizi, na watoto waliotawanyika. Mwandishi hakuandika juu ya mambo ya jikoni tu. Aliushika msiba wa taifa zima, akamtazama Ridhaa, mwanamume aliyepoteza jamaa yake, kwa huruma isiyoficha chochote. Mwenye kudhani kwamba mwanamke huwaandikia wanawake habari za wanawake na ajibiwe kwa kitabu hiki. Hata hivyo hakikosi dosari. Misiba imerundikwa mmoja juu ya mwingine hata moyo wa msomaji wachoka, na watoto waliopoteana hukutana tena kwa bahati iliyo njema mno. Ulizaneni: Je, lile chozi la mwisho limestahiliwa, au tumelazimishwa kulitoa?

Sasa viangalie hivi vinne pamoja. Mama wa Pate amhimiza binti yake ashike desturi. Ogot amwonyesha binti ambaye desturi ilitaka kumwua. Muhando auliza kwa nini wanawake hawaisimamishi nguzo yao wenyewe. Na Matei aonyesha nyumba iliyoteketezwa ambamo mume na mke wote ni wahanga. Hakuna hata mmoja awezaye kusimama mahali pa mwenziwe. Chama kilichovisoma vyote hakitasema tena "wanawake husema hivi". Kitataja jina la mwandishi, kitataja kitabu chake, na kitasema ni wapi kinamkubali na ni wapi kinamkataa. Huo ndio mwanzo wa uhakiki.

Kimesalia kitabu cha tano, nacho hakiuzwi. John Mbiti, mwana wa Kitui, alikusanya hadithi za Wakamba, na mwaka 1966 kitabu chake cha Akamba Stories kilichapwa Oxford. Alitenda kazi kubwa, kwani hadithi zisizoandikwa hufa pamoja na wazee. Lakini fikiri ni midomo ya nani iliyozitunza hadithi hizo vizazi kwa vizazi. Katika nyumba nyingi za Ukambani ni susu, bibi mzaa mama au mzaa baba, aliyekaa na wajukuu karibu na moto, akalegeza sauti kwa sungura na kuikaza kwa fisi. Huyo naye ni mtungaji. Alichagua la kusema na la kuacha, alibadili mwisho ili upatane na mtoto aliyekosa siku hiyo, naye hakuwekewa jina kwenye jalada lolote.

Kwa hiyo, vitabu vinne vikiisha, kila mwanachama na arudi likizoni na daftari. Akaketi na susu yake, asikilize ngewa moja, aiandike kama ilivyosemwa, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, bila kuipamba. Kisha chama kiisome kwa ukali ule ule kilioutumia kwa Ogot na Muhando: kiulize nani anasema, anataka nini, na nani amenyimwa neno. Daftari hizo zikishonwa pamoja na kuwekwa katika kabati la shule, zitakuwa kitabu ambacho hakuna maktaba nyingine yenye nakala yake. Ila pana sharti moja. Juu ya kila hadithi, kabla ya jina la mwanafunzi aliyeiandika, litangulie jina la mwanamke aliyeisimulia.