Mkia Unaoelekea Chini

Juzi nilikuta watu hapa Ndera wamezunguka picha ya kometi, wanaishangilia. Ni ile ya Oktoba 2024, Tsuchinshan-ATLAS. Mkia umelala sambamba na mapaa, nyota zimevutika zikawa mistari, na anga limetiwa zambarau ambayo jioni ya Rwanda haijapata kuivaa. Nilirudi nyumbani nimekereka. Kazi mbovu ikisifiwa hivi, anayeanza atajifunza ubovu.

Nyota kwanza. Kometi ile ilikaa karibu na ikweta ya anga, ambako nyota hukimbia kuliko kwingine kokote. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye kamera yenye sensa ndogo, sekunde 6 zinatosha. Ukifika 20 umeharibu. Pandisha ISO, rundika fremu fupi nyingi. Na pawe na kitu cha duniani pembeni, hata mgomba.

Lakini mimi hutazama kwanza chini ya kichwa, upande Jua lilikozama. Katikati ya Oktoba ile Dunia ilikatiza bapa la njia ya kometi, na vumbi lililoachwa njiani likaonekana kwa ubavu, kama karatasi unapoitazama ukingoni: uzi mwembamba ukichomoza kichwani na kushuka kuelekea upeo wa macho. Mkia mkubwa, uliosimama karibu wima, kila mtu aliupata, hata kwa simu. Uzi huu waliupata wachache, na sisi wa Ndera tuna sababu yetu: magharibi yetu ni Kigali yenyewe. Taa za jiji huchafua sehemu ya chini ya picha, basi mtu huikata, au huiachia programu isafishe mwanga. Uzi unakwenda na taka.

Fundi mmoja wa studio, aliyelelewa na filamu ya picha 36, alisubiri mvua ya vuli ioshe hewa, huku mwezi ukikaribia kujaa tarehe 17. Taa hakuzigusa. Alikiweka kichwa juu ya katikati ya fremu, chini akaacha nafasi. Nilipomuuliza nafasi ile ni ya nini, alinisogezea kioo cha kukuzia. Uzi ulikuwepo, hafifu kama unywele. Siku za filamu mtu alifikiri hivyo kabla ya kubonyeza.

Kijana mwingine aliibandika kometi juu ya kuba la Convention Centre. Sikuhitaji kioo: mkia ulielekea Jua lilikozama, na Zuhura, iliyokuwa kushoto ya kometi, imehamia kulia.

Mwaka 2022 Gerald Rhemann wa Austria alishinda shindano la Royal Observatory Greenwich kwa kometi Leonard, aliyoipiga Namibia. Ninachokipenda pale ni kipande kilichong'oka mkiani, kikichukuliwa na upepo wa Jua. Jicho la haraka hukipita.

Ile picha ya zambarau ninayo kwenye simu. Nimeikuza chini ya kichwa mara kadhaa. Imekatwa papo hapo, kidevuni.