Tuzo na Tafsiri: Maoni juu ya Ushindi wa Filamu ya Kikorea katika Hafla ya Oscar ya Mwaka 2020

Usiku wa tarehe 9 Februari 2020, katika ukumbi wa Dolby Theatre mjini Los Angeles, filamu ya Kikorea iitwayo Parasite ilitunukiwa tuzo ya Filamu Bora ya mwaka. Hafla hiyo ilikuwa ya 92 tangu Akademia ya Sanaa na Sayansi za Sinema ya Marekani ianze kutoa tuzo zake, na katika zote zilizotangulia haikupata kutokea filamu iliyosemwa kwa lugha isiyokuwa Kiingereza ikapewa tuzo hiyo kubwa. Filamu ya Kifaransa The Artist iliipata mwaka 2012, lakini hiyo ilikuwa filamu bubu. Ilipita mlangoni kwa sababu haikuwa na lugha ya kuulizwa. Tukio la mwaka 2020 limezungumzwa sana kama jambo la siasa, la biashara na la fahari ya taifa la Korea Kusini. Kwanza, hata hivyo, lilikuwa jambo la lugha, na kwa upande huo lastahili kupimwa na wale ambao lugha ndiyo kazi yao.

Yafaa matokeo yenyewe yatajwe mwanzo, kwa kuwa hukumu isiyotegemea mambo yaliyotukia huwa ni maneno matupu. Parasite iliteuliwa mara 6 ikatoka na tuzo 4: ya Filamu Bora, ya Mwongozaji Bora aliyopewa Bong Joon-ho, ya Mswada Asilia aliyoshirikiana na Han Jin-won, na ya Filamu Bora ya Kimataifa. Joker, iliyoteuliwa mara 11 kuliko nyingine yoyote ya mwaka huo, ilipata 2: Joaquin Phoenix akawa mwigizaji bora wa kiume, na Hildur Guðnadóttir wa Iceland akashinda kwa muziki. Renée Zellweger alishinda kwa Judy, Brad Pitt kwa Once Upon a Time in Hollywood, Laura Dern kwa Marriage Story, na Taika Waititi kwa mswada wa Jojo Rabbit uliotokana na kitabu. Filamu ya vita 1917 ya Sam Mendes, ambayo wengi waliitazamia kushinda, iliishia na 3: za upigaji picha, uchanganyaji wa sauti na madoido ya picha.

Tofauti baina ya Parasite na 1917 ina fundisho. 1917 imeundwa ionekane kama kwamba imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa. Nguvu yake imo katika macho, na mtu asiyejua Kiingereza hapotewi na mengi humo. Parasite ni kinyume chake. Ni hadithi ya jamaa maskini wanaoishi katika chumba kilichozama nusu chini ya ardhi, ambao wanajipenyeza mmoja mmoja katika utumishi wa nyumba ya tajiri. Na silaha yao ni maneno: sifa za uongo, vyeo vya kubuni, adabu ya kuigiza. Hata hivyo wapiga kura, ambao wengi wao hawakujua Kikorea, waliichagua filamu iliyowapasa kuisoma. Hapo ndipo swali linapozuka: walichokipima kilikuwa nini?

Jibu ni kwamba walipima kazi mbili zilizosukwa pamoja, ya waliotunga filamu na ya aliyeifasiri. Maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha yaliandikwa na Darcy Paquet, Mmarekani mwenye makazi ya miaka mingi Korea Kusini. Kwa hakika waliosifu mswada wa Parasite bila kujua Kikorea walisifu sentensi zake. Walakini katika tuzo zote za usiku ule haikuwapo hata moja iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ukumbini hali ilikuwa hiyo hiyo: maneno mengi ya shukrani ya Bong yaliwafikia wasikilizaji kwa kinywa cha mkalimani wake, Sharon Choi. Mkalimani alisimama jukwaani mbele ya ulimwengu wote; mfasiri hakuonekana.

Ili kujua uzito wa kazi hiyo, yatosha kutazama mifano michache. Baba mwenye nyumba ya chini, akistaajabia cheti alichoghushi bintiye, huuliza kwa mzaha kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul kina somo la kughushi hati. Katika Kiingereza chuo hicho kimegeuka Oxford. Chakula kiitwacho jjapaguri, mchanganyiko wa tambi za pakiti za namna mbili zilizo rahisi, ambacho katika nyumba ya tajiri huongezewa nyama ya ng'ombe ya bei kubwa, kimepewa jina la kubuni, ram-don. Mfasiri wa namna hii huchagua faida moja na kuiacha nyingine. Oxford huleta kicheko upesi, lakini huondoa Seoul katika kinywa cha mtu wa Seoul. Jina la kubuni humfahamisha mtazamaji kwamba chakula ni mseto, lakini haliwezi kumpa ladha ya umaskini iliyomo katika pakiti zile. Si makosa haya. Ni gharama, na kila mfasiri huilipa.

Gharama iliyo kubwa zaidi imo katika adabu ya usemi. Kikorea, katika miisho ya vitenzi vyake, humlazimisha msemaji aonyeshe daraja ya yule anayesema naye. Hawezi kutamka sentensi kamili bila kukiri nani mkubwa na nani mdogo. Katika filamu inayohusu daraja za watu, sarufi yenyewe ni sehemu ya hadithi. Kiingereza hakina chombo cha kuchukua mzigo huo. Pana mahali wanawake wawili, watumishi wa nyumba moja, wanagombania neno la kuitana dada. Aliye taabuni hulitumia kuomba huruma, na aliye juu hulikataa. Kisha mambo yanapogeuka, ombi na kukataa hubadilishana vinywa. Mfasiri amelibakiza neno hilo kwa Kiingereza, na amefanya vema. Lakini katika Kiingereza ni neno la masihara tu, hali katika asili ni mizani ya ukubwa na udogo. Kiswahili kingalilipokea bila taabu. Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba dada na shikamoo ni maneno ya kupimana, na kwamba kumnyima mtu salamu ni kumpiga bila fimbo.

Yawezekana hapa pia kupata sababu ya jambo ambalo lilishangaza wengi: filamu iliyoshinda tuzo 4 haikuwa na mwigizaji hata mmoja aliyeteuliwa, ijapokuwa Song Kang-ho alikuwa na sifa kubwa kwao na ugenini. Mswada waweza kusomwa, na kazi ya mwongozaji yaweza kutazamwa. Bali uigizaji unakaa katika sauti, katika kupanda na kushuka kwa neno, na anayesoma chini ya picha hulisikia neno pasipo kulielewa. Itajibiwa kwamba tarehe 19 Januari 2020 chama cha waigizaji wa Marekani kiliwapa waigizaji wa Parasite tuzo yake ya kundi bora. Ni kweli, lakini walitunukiwa kwa jumla, kama watu wanaosifu kwaya pasipo kuweza kusema ni sauti ya nani iliyowagusa.

Tena kuna kejeli ndani ya filamu ambayo hafla ile iliikamilisha. Mlango unaowaingiza maskini katika nyumba ya tajiri ni Kiingereza. Kijana wa nyumba ya chini anaajiriwa kumfundisha binti wa tajiri lugha hiyo, naye hupewa jina Kevin. Dada yake huingia kwa jina la Jessica na kwa masomo ya uongo ya Marekani. Na mama mwenye nyumba hupachika maneno ya Kiingereza katika usemi wake kama mtu avaaye kito. Kiingereza humo ni kinyago cha cheo. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa habari hiyo, maana kinyago hicho anakiona kila siku maofisini na shuleni. Basi filamu inayokicheka Kiingereza kama ngazi ya kupandia ilipanda hadi kilele cha tuzo za Kiingereza, na ngazi yake ilikuwa Kiingereza kilichoandikwa chini ya picha.

Lingefasiriwaje jina lenyewe kwa Kiswahili? Mwanasayansi atasema kimelea, na atakuwa sahihi. Lakini liko neno kupe, ambalo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitumika mno katika maneno ya siasa ya Tanzania, pamoja na mnyonyaji. Katika siasa hiyo kupe ni yule anayeishi kwa jasho la wengine, yaani mwenye mali. Filamu ikiitwa Kupe, mtazamaji wa Kiswahili atauliza tangu mwanzo ni nani anayemnyonya mwenziwe, maskini aliyeingia kwa hila au tajiri asiyeweza kuosha sahani wala kuendesha gari lake mwenyewe. Swali hilo ndilo moyo wa filamu. Hapa Kiswahili kina uwezo ambao Kiingereza hakina, wala uwezo huo haukutoka hewani; umetokana na historia ya wasemaji wake.

Sasa yapasa kutazama kanuni. Tangu hafla iliyofanywa mwaka 1957 Akademia ilikuwa ikishindanisha filamu kwa tuzo iliyojulikana kama ya lugha ya kigeni. Mwezi wa Aprili 2019 ilitangaza kwamba jina litakuwa Filamu Bora ya Kimataifa. Bong, aliyekuwa wa kwanza kuipokea kwa jina jipya, aliyasifu mabadiliko hayo na mwelekeo yanaoashiria. Lakini jina lilibadilika, sharti halikubadilika: filamu iwe imetengenezwa nje ya Marekani na sehemu kubwa ya maneno yake isiwe ya Kiingereza. Miezi michache kabla ya hafla, mnamo Novemba 2019, sharti hilo liliiondoa Lionheart ya Genevieve Nnaji, filamu ya kwanza kupelekwa na Nigeria, kwa kuwa ilisemwa kwa Kiingereza isipokuwa dakika kama 11 za Kiigbo. Nnaji alijibu kwamba Kiingereza ndicho kinachowaunganisha wananchi wa nchi yenye lugha zaidi ya 500.

Wako wanaoitetea kanuni, na hoja yao haistahili kupuuzwa. Husema kwamba pasipo sharti hilo mashindano yangejaa filamu za Uingereza na Australia, na lugha zisizo na fedha zingekosa hata dirisha hilo dogo. Hoja hii ina nguvu. Sharti hulinda lugha nyingi. Hata hivyo halielezi lugha ni nini kwa wanaoisema. Hulitazama jambo kwa jicho la Los Angeles, ambako Kiingereza ni kwao na kila kingine ni ugeni. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Nigeria ilicheza kwao, kwa Kiingereza chake chenye lafudhi na mambo yake, ikaambiwa kwamba hapo si kwao. Na kama ingeliingia kwa mlango wa Filamu Bora, ingelikutana na zile zenye mali nyingi. Usiku wa tarehe 9 Februari haukuliondoa tatizo hilo. Ulionyesha tu kwamba filamu moja bora, yenye tafsiri bora, yaweza kuruka ukuta. Na ukuta uliorukwa haujabomoka.

Kwa wasemaji wa Kiswahili jambo hili si la kutazamwa kwa mbali. Mwaka 2021 ilitoka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kusemwa kwa Kiswahili cha Unguja, nayo ikapelekwa na Tanzania kwa hafla ya mwaka 2023. Haikuteuliwa. Haifai kudai kwamba sababu ilikuwa tafsiri. Filamu hukosa tuzo kwa mambo mengi. Lakini ni halali kuuliza ni kiasi gani cha Kiswahili kile kinaweza kuvuka katika mistari miwili ya Kiingereza, na ni nani anayefunzwa kukivusha. Kwa upande wa pili, wa kuingiza filamu za kigeni katika Kiswahili, wananchi hawakungoja chuo. Mjini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, ajulikanaye zaidi kama Lufufu, alipata sifa kwa kuzisimulia filamu za ugenini juu ya sauti zake, akieleza, akiongeza na kuchekesha. Na Kenya ina DJ Afro. Wengine huwadharau kwa sababu hawafuati asili neno kwa neno. Dharau hiyo ni ya haraka. Msimulizi wa namna hiyo hurudisha katika filamu kitu ambacho maandishi ya chini ya picha hukipoteza, yaani sauti ya mtu anayejua anasema na nani.

Parasite ilistahili tuzo zake. Mswada wake umefungamana hivi kwamba kila jambo dogo la mwanzo hulipwa mwishoni, na mwongozaji wake anajua kuchekesha na kutisha katika pumzi moja. Lakini sifa ikitolewa itolewe yote. Waliopiga kura waliikuta Korea katika sentensi za Kiingereza, na aliyeziandika alifanya kazi ya sanaa, wala si ya ukarani. Idara za Kiswahili zinazofundisha tafsiri zimezoea kupima riwaya na hati za serikali. Maneno ya chini ya picha, ambayo huandikwa mafupi na kusomwa upesi, yanangoja kupewa somo lake, mitihani yake na wahakiki wake. Kabla ya kulalamika kwamba filamu ya Kiswahili haikusikika Los Angeles, ni wajibu wa wenye lugha kuhakikisha kwamba imefasiriwa na mtu anayezijua lugha zote mbili kwa ukamilifu, na kwamba jina lake limeandikwa pamoja na ya wenziwe.