Kukanda au Kuchua? Istilahi za Kovu la Upasuaji wa Uzazi

Tuseme mfasiri wa maelekezo ya afya kwa kina mama wa Shinyanga na Geita ameandika hivi: "Mzazi akande kidonda ili kuondoa usumbufu." Ni maneno sita, na matatu kati yake hayafai.

Tuanze na kukanda. Kamusi humruhusu mfasiri, kwani hukanda unga na hukanda mwili. Lakini mzazi hasomi kamusi. Katika nyumba nyingi za Tanzania, kumkanda mzazi ni kumbonyeza tumbo kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, siku chache tu baada ya kujifungua, na mwenye kazi hiyo ni mama yake, mkwewe au shangazi. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji jambo hilo ni la hatari. Mshono ungali mbichi, na ngozi iliyo karibu nao aghalabu imekufa ganzi, hata mwenyewe asihisi kwamba anaungua. Shangazi akisomewa sentensi ile ataona kuwa hospitali imemwunga mkono.

Kidonda nacho kinapotosha wakati. Huduma inayokusudiwa huanza baada ya kidonda kufunga kabisa, kwa kawaida yapata wiki 6, mhudumu wa afya akiisha kuruhusu. Hapo tena si kidonda, ni kovu.

Badala ya kukanda tunapendekeza kuchua, neno ambalo huleta mawazo ya vidole na mafuta, wala halina maji ya moto ndani yake. Ila lina mtego: likivaa kiambishi "ji" huwa ni neno la aibu, na mwalimu wa kliniki atakayetamka "jichue" mbele ya kina mama ataishia kuchekwa. Na iandikwe daima "chua kovu". Kusugua ni kwa masufuria. Kusinga ni neno zuri la pwani, lakini halijasafiri hadi huku. Masaji limebaki katika matangazo ya mijini.

Usumbufu ndilo neno la kivivu kuliko yote. Mama anayeponda mawe ya dhahabu machimboni hasumbuliwi tu: kovu linavuta anapoinama, linawasha, lina ganzi, au linauma anapojitwika mzigo. Kila hali ina jina lake, na muuguzi anahitaji kuzitofautisha. Katika machimbo hayo Msukuma, Mzinza, Msumbwa na Mha huelewana kwa Kiswahili. Neno likikosewa, wengi hawana lugha nyingine ya pamoja ya kulisahihishia.

Basi isomeke: "Kidonda kikisha kufunga na mhudumu wa afya akiruhusu, mama achue kovu taratibu kwa vidole ili kupunguza kuvuta na kuwasha."

Limebaki jina la hali ya kovu kushikamana na nyama za chini yake. Tunawaomba wauguzi na walimu wa Kahama, Geita na Shinyanga watuletee neno wanalolitumia, kabla hatujabuni la mezani.