Chumvi Itokayo Jivuni

Maharagwe yakishapurwa, mabua na makapi yake huonekana takataka. Kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya, hiyo ndiyo malighafi ya chumvi. Huanikwa yakauke kabisa, kisha huchomwa mahali pasafi, pengine pamoja na maganda ya ndizi. Moto huachwa umalize kazi yake bila kuchochewa, mpaka libaki jivu jepesi lisilo na makaa.

Jivu hilo hutiwa katika chombo kilichotobolewa kitako: zamani chungu, siku hizi hata kopo la rangi lililosuguliwa vizuri. Hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Jivu likilala legelege, maji hupita mbio na kutoka matupu; likishindiliwa mno, maji hugoma juu. Humiminwa kidogo kidogo, yakasubiriwa yazame, yakaongezwa. Kinachodondoka chini kina rangi ya chai ya rangi, na huteleza kidogo vidoleni kwa sababu ya chumvi za potasiamu. Matone ya kwanza ndiyo makali. Huu ndio munyu musherekha.

Mwenzi wake mkuu ni mrenda. Maji yakichemka hutiwa musherekha kiasi, ndipo yafuate majani ya mrenda na ya kunde. Sufuria haifunikwi, maana mboga hii hufura ikamwagika jikoni. Kunde ngumu hulainika, mrenda huvutika, na ukijani haufifii. Ukizidisha, mboga itakuwa na ladha ya sabuni, na ugali utabaki mkavu mezani.

Jijini Nairobi ufundi huu una adui mmoja asiye na ubaya wowote: jiko la gesi. Ghorofa ya tatu huna pa kuchomea mabua. Ndiyo maana musherekha husafiri kwa basi kutoka Kakamega na Bungoma ndani ya chupa za soda, hadi kwa akina mama mboga wa mitaa kama Kangemi na Kawangware. Wapo wanaotumia magadi ya dukani. Siwalaumu, mboga huiva. Ila ule utamu wa mbali wenye harufu ya moshi hauji.

Majani yenyewe yamekwisha kupata heshima. Yaliitwa magugu na chakula cha maskini, hadi watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta walipoyatetea kwa miaka mingi. Mwaka 2021, UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili kama mfano wa kuigwa. Ni vizuri. Lakini jani unaweza kulifunga kwenye plastiki na kuliuza dukani. Ujuzi wa kulipika haufungiki hivyo, nao ndio unaomfanya mtu wa mjini awe na chakula chake mwenyewe badala ya kuwa mnunuzi tu.

Ujuzi huo sasa hufundishwa kando ya barabara. Kijana akiuliza atie musherekha kiasi gani, mama mboga hamtajii vijiko.

“Ni mrenda mtupu au umechanganya na kunde?”

“Nimechanganya.”

“Kunde changa ama zilizokomaa?”

“Hizi hapa, mama.”

Huvunja bua moja asikie linavyokatika. “Hizi zimekomaa. Anza na vifuniko viwili vya chupa, uonje supu kabla hujaongeza. Na usifunike sufuria, mwanangu.”