Hesabu ya Daudi na Pumzi ya Mungu

Katika pwani yetu, kuanzia Mikindani hadi vijiji vya maingilio ya Ruvuma, Mkristo na Mwislamu wanaishi mlango kwa mlango. Swali la kama Biblia ni neno la Mungu linatukuta sokoni, msibani na kwenye mihadhara. Mihadhara hiyo ilishamiri nchini tangu miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa Ahmed Deedat wa Durban, na wahubiri wetu nao wakaingia uwanjani. Ninachotaka kukipima hapa si hoja za jirani zetu bali majibu yetu.

Tuchukue hoja moja inayojulikana. Katika 2 Samweli 24:9, Yoabu anamletea Daudi hesabu ya watu wa vita: Israeli 800,000 na Yuda 500,000. Katika 1 Mambo ya Nyakati 21:5, Israeli ni 1,100,000 na Yuda 470,000. Wapo wanaojibu upesi kwamba mwandishi mmoja alijumlisha askari wa akiba na mwingine aliwaacha. Huenda. Lakini hakuna kitabu kati ya hivyo kinachosema hivyo, na jibu lenyewe linakwama: Israeli inaongezeka kwa 300,000 huku Yuda ikipungua kwa 30,000. Inabidi kutunga maelezo ya pili ili kuyaokoa ya kwanza. Msikilizaji anaona kwamba tunaogopa maandiko yetu wenyewe.

Kosa lilianza kabla ya jibu. Mwislamu anaamini kwamba Kurani iliteremshwa neno kwa neno. Tukiitetea Biblia kana kwamba nayo ilishuka hivyo, tumekubali kipimo ambacho yenyewe haikujipimia. Luka anaanza Injili yake kwa kueleza kwamba amechunguza habari kwa bidii na kuzipanga. Katika 1 Wakorintho 1:14–16, Paulo anasema hakumbatiza mtu ila Krispo na Gayo. Kisha anaikumbuka nyumba ya Stefana, na hana hakika kama wapo wengine. Sentensi ya kwanza haikufutwa. Roho alimtumia Paulo pamoja na usahaulifu wake.

Hata kwetu neno lilifika kwa mikono ya watu. Askofu Edward Steere, aliyewapeleka Masasi watumwa waliokombolewa mwaka 1876, alitafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja, lugha ambayo maneno yake kama nabii na imani yalikuwa tayari midomoni mwa Waislamu.

Je, pumzi ya Mungu i wapi? Paulo anamtajia Timotheo kazi ya Maandiko: kumpa mtu hekima ya kufikia wokovu, kumfundisha, kumwonya na kumwongoza katika haki. Katika kazi hiyo vitabu vyetu viwili havigombani. Vyote vinasema mfalme alikosa kwa kuhesabu watu, akatubu, akajenga madhabahu, na tauni ikazuiliwa. Daudi alikemewa kwa kutegemea wingi wa namba. Nasi tunataka kuisimamisha imani juu ya namba zilezile!

Mtu atauliza: ukikubali tofauti moja, utazuia wapi? Biblia yenyewe inatuonyesha mahali pa kusimama. Paulo anasema kama Kristo hakufufuka, imani yetu ni bure. Hasemi hivyo juu ya hesabu ya Yoabu. Injili nne hazitaji wanawake walewale waliokwenda kaburini, lakini zote zinasema kaburi lilikuwa wazi.

Kijana aliyefundishwa kwamba namba moja ikipishana Biblia nzima imeanguka, tumemwandaa kuanguka siku ya mhadhara wa kwanza. Basi tusome naye sura hizo mbili kwenye darasa la kipaimara, bega kwa bega, kabla hajazisikia kwenye kipaza sauti. Na jirani akituuliza, tumjibu kwa adabu: ndiyo, namba zinapishana, karibu tukae, tusome sura yote.