Bandika Bila Bandua

Mwaka 2002 Java 1.4 ilitupa `map` ya kubandika faili kwenye kumbukumbu, ikatunyima `unmap` ya kuibandua. Zaidi ya miaka 20 imepita na bado nasema: lilikuwa kosa, tena kosa la wazi.

Tuurudie mchezo wenyewe. Unabandika faili, unapewa bafa, unasoma, unafunga chaneli. Kilichobandikwa hakijaguswa. Kitabaki pale hadi mzoa taka aikute bafa haina mwenyewe. Lini? Apendapo. Na bafa ile ni kitu kidogo sana machoni pake, hata ikiwa imeshikilia gigabaiti nzima ya faili, kwa hiyo hana haraka nayo.

Kwenye Linux hutashtuka. Ukifuta faili, jina linatoka kwenye saraka na data inabaki mpaka mtumiaji wa mwisho aiachie. Jaribio linapita. Windows ya zama hizo ilikataa katakata kuifuta faili iliyobandikwa, na ukitaka kuipunguza ukubwa unapewa kosa namba 1224. Hapo ndipo majaribio yalipofia, kwenye kusafisha saraka ya muda, wakati kazi yenyewe imefanyika sawasawa. Watu wakaita `System.gc()` mara tatu, wakalala sekunde moja, wakaomba Mungu. Kafka, mfumo wa kupitisha ujumbe, ikashindwa kufuta logi za zamani kwenye Windows kwa sababu faharasa zake zilikuwa zimebandikwa. Lucene, maktaba ya utafutaji, ikalazimika kupenya matumbo ya JVM kumtafuta msafishaji wa bafa. Ombi la kuongeza `unmap`, namba 4724038, lilifunguliwa mwaka huohuo wa 2002.

Sun, waliotengeneza Java, walijitetea kwamba uzi mwingine ukisoma anwani iliyobanduliwa, utaiangusha JVM au utasoma data isiyo yake. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini kunyima kitasa hakuondoi mlango. Kwenye Linux, mwingine akiipunguza faili uliyoibandika nawe ukagusa ukurasa uliokatwa, ishara ya SIGBUS inakusubiri palepale.

Kinachoniuma ni kwamba kosa lilitoka nyumba ileile. Mwaka 1987 Gingell, Moran na Shannon, wahandisi wa Sun, walieleza kumbukumbu pepe ya SunOS, na `mmap` ikaja na `munmap` yake. Wale walijua kwamba anayefunga sharti aweze kufungua. Hawa wakatuachia nusu ya kitenzi, na juu yake faharasa ya `int` inayoikomesha bafa kwenye gigabaiti 2.

Java 22 ya mwaka 2024 imelirekebisha kwa `Arena`: inafungwa, vipande vyake vya kumbukumbu vinahesabiwa kwa `long`, na inazilinda nyuzi. Kazi nzuri.

Wewe unayeandika programu ya mifumo mingi, usisubiri msafishaji wa saraka akufichulie kosa. Andika jaribio linalobandika, linalobandua, linalopunguza kisha linalofuta, na uliendeshe Windows kwanza. Likipita Linux peke yake, bado hujajaribu.